Ugali Umeiva, Ndege Haijatua

Zita mke wa Basili hakupenda kuulizwa jambo mara mbili, na hakuna jambo aliloulizwa mara nyingi kuliko hili: kutoka Nambis mpaka hapa kwetu Masakta, ndege inachukua muda gani?

"Inachukua ugali mmoja," alijibu, akaendelea na shughuli zake.

Mgeni alicheka akidhani anataniwa. Mwenyeji hakucheka, maana alijua hicho ndicho kipimo, na kipimo hicho kilikuwa cha Zita.

Kwa barabara, Nambis na Masakta ni kama nchi mbili. Unatoka kule juu Mbulu na baridi yake, unapita Dongobesh, unazungukia Basotu, unaingia Katesh ukiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Hapo hujafika. Unapanda gari jingine la kwenda Endasak, na kutoka Endasak ni pikipiki au miguu yako mwenyewe. Ukitoka na majogoo unafika na popo. Mvua ikinyesha, hata popo wanakuacha. Lakini ndege haijui Dongobesh wala Basotu. Inaruka ukingoni mwa bonde, inakatiza ziwa, inaukuta mlima Hanang umesimama, inatua. Mwalimu Wolfgang aliwahi kupima kwenye simu yake, akasema angani ni kilomita sitini na kitu, dakika ishirini, ishirini na tano upepo ukibisha. Zita alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Ndiyo hiyo, mwalimu. Ugali mmoja."

Kiwanja chenyewe kilichongwa na wamisionari zamani, wakati Zita hajaolewa. Hakina uzio, hakina jengo. Ni ardhi ngumu, nyasi fupi, na mti mmoja wenye kitambaa cha kuonyesha upepo unatokea wapi. Sasa wewe niambie: huku mlimani, ambako hata kuku akitaga yai linabingirika, ardhi tambarare na ngumu namna ile utaiacha ikae bure? Msimu wa maharage ukifika, wanawake wote walianika pale na kupura pale. Ng'ombe nao waliona nyasi, wakaja. Ndege ya madaktari ilipokuja, kama mara moja kwa mwezi, kuwaona wajawazito na watoto na wenye meno mabovu, ilibidi watu waondolewe kwanza.

Hakuna aliyemwajiri Zita kuwaondoa. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kiwanja, basi. Na mdogo wake Gaudensia aliolewa Nambis, nyumba yake nayo ikawa mwisho wa kiwanja cha kule. Dada wawili, kila mmoja na kiwanja chake cha ndege. Baba yao angekuwa hai angedai ng'ombe wa nyongeza.

Kazi ilikwenda hivi. Ndege ikiruka Nambis, Gaudensia alipiga simu: "Dada, imeruka." Zita aliweka maji ya ugali kwenye mafiga, sufuria ile ile ya familia, akatoka nje na kupaza sauti. Sauti ya Zita haikuhitaji spika. Wanawake walikunja maturubai yao, wachungaji walirudisha ng'ombe, na Zita alipougeuza ugali mara ya mwisho, ngurumo ilisikika upande wa ziwa. Na kama ugali umeiva na ngurumo hakuna, ilikuwa na maana moja tu: ukungu umeirudisha. Watu walimwuliza kwa mbali, kwa jina la mwanawe, "Mama Modest, vipi ugali?" Akajibu, "Umeiva!" Wakarudi kwenye maharage yao. Miaka na miaka kipimo hicho hakikusema uongo.

Ndani ya nyumba ya Zita alikaa mama mkwe wake, Bibi Genoveva. Zamani bibi huyu aliweza kuona tundu la mdudu kwenye harage akiwa amekaa upande wa pili wa nyumba, na asingenyamaza. Sasa macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa ya mgando. Aliijua asubuhi kwa joto usoni. Alimjua Zita kwa hatua zake, na akazikosoa hizo hatua.

"Unatembea kama unagombana na ardhi," alisema.

"Ardhi ndiyo imeanza, Mama."

Walimpeleka Mbulu kwa gari mara moja. Alifika kiuno kimekunjika hawezi kusimama, akakataa mtu yeyote asimguse jicho, akataka arudishwe nyumbani akafie kwake. Na kurudi ilikuwa barabara ile ile. "Njia hiyo siirudii," aliapa alipolazwa kitandani. "Hata mbinguni kama kunapitia Dongobesh, mtaniacha hapa hapa."

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba ndege itamleta daktari wa macho, na vyombo vyake kwenye masanduku, na kwamba atapasua hapo hapo zahanati, Zita aliipokea kama mtu aliyeitwa jina lake. Alimfulia bibi kitenge kipya ambacho hakikuwa kichafu.

*

Sasa, kijana wao Modest yuko Arusha, na ana moyo mzuri. Aliona mama yake anapuliza moto mpaka machozi, akamtumia jiko la gesi na mtungi wake. Jiko lilifika siku mbili kabla ya ndege. Majirani walikuja kuliangalia. Zita alizungusha kitufe, bluu ikatoka, wakashika vifua.

Unaanza kuona. Yeye hakuona.

Asubuhi ya ndege, Bibi Genoveva aliogeshwa, akavalishwa kitenge, akakalishwa kwenye benchi nje uso ukielekea kiwanjani. Gaudensia akapiga: "Dada, imeruka, na daktari yumo, nimemwona kwa macho yangu." Zita akaweka sufuria. Kwenye gesi. Akatoka, akapaza sauti, kiwanja kikawa cheupe. Akarudi ndani na maji tayari yanaruka. Akafurahi, maskini. Akasonga ugali, akaugeuza, ukaiva vizuri kabisa. Akatega sikio. Kimya.

"Mama Modest, vipi ugali?"

"Umeiva!"

"Na ndege?"

"Haipo!" Akaangalia upande wa Mbulu, kulikuwa na wingu dogo. Akajaribu kumpigia Gaudensia, mtandao ukagoma. "Itakuwa imerudi," akasema, akamwangalia bibi kwenye benchi.

Wanawake wakatandaza maturubai. Ng'ombe wa Baltazar, ambao ni wengi na hawana adabu kama mwenyewe, wakaingia katikati. Fimbo za kupuria zikaanza kupiga. Na ndipo ndege ikatokea upande wa ziwa, kwa wakati wake ule ule wa siku zote, nyeupe, chini chini. Rubani akaona chini yake migongo ya wanawake na pembe za ng'ombe. Watu walikimbia kila upande, ng'ombe wakakimbilia kila upande mwingine. Ikazunguka mara moja. Ikazunguka mara ya pili. Kisha ikainua pua, ikarudi ilikotoka.

Bibi Genoveva alikuwa amesimama kando ya benchi lake, mkono umeshika ukuta.

"Zita. Mbona sauti inaondoka?"

Zita alikwenda jikoni, akaangalia ule ugali, ukiwa bado unafuka moshi, na lile jiko likiwa limenyamaza kama halikuhusika. Akaelewa: gesi imewahi kuliko kuni. Ule ugali akampa mbwa, na mbwa naye akashangaa.

*

Maneno ya rubani yaliletwa na Gaudensia kwa simu. Atakuja mara moja tena, juma la pili la mwezi wa tano. Akikuta mtu au mnyama kiwanjani, hatazunguka, na Masakta inafutwa. Daktari wa macho atapelekwa wilaya nyingine.

Mwenyekiti Nikolausi akaitisha mkutano. Baada ya sala, Baltazar ndiye aliyesimama wa kwanza. Ni mtu mwenye ng'ombe wengi, na ng'ombe wengi humfanya mtu aongee kwanza.

"Mimi nina ombi dogo kwa Mama Modest. Safari hii atupimie kwa chai."

Watu wakacheka mpaka wakafuta macho. Zita alisubiri wamalize.

"Na wewe, shemeji Baltazar, ng'ombe wako walipokuwa pale katikati, walikuwa wanapima nini?"

Wakacheka tena, ila safari hii upande wake. Mwalimu Wolfgang akanyoosha mkono, akashauri kwa upole kwamba simu zina saa. Itegwe dakika ishirini na tano, ikilia ndipo watu warudi.

"Ahsante, mwalimu," Zita akasema. "Lakini nimeshalala na jambo hili siku nyingi. Saa itatuambia muda umekwisha. Haitatuambia ndege imetua. Tulikosea kwa ugali, tutakosea kwa saa. Mimi nasema hakuna kipimo. Ikiruka kule, kiwanjani hakanyagi mtu mpaka magurudumu yasimame."

"Na isipokuja?" Baltazar akauliza. "Tukae hapo mpaka Krismasi? Ng'ombe wangu wananywa maji mchana, na njia ya maji inakatiza pale. Siwezi kuwaambia ng'ombe wasubiri mbingu tupu."

Wanaume wakaguna kuunga mkono. Mwenyekiti akasema litafikiriwa, maana yake halitafikiriwa. Mkutano ukafungwa.

Zita hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wanawake, nyumba baada ya nyumba, na kila mlango alisema neno moja: "Leteni fimbo zenu."

Hapo inabidi nieleze. Huku kwetu wanawake walioolewa wakikaa chini kwenye njia, kila mmoja fimbo yake ameilaza mbele ya magoti, mwanamume haivuki fimbo hiyo. Akiivuka hapigwi, hashtakiwi. Ila hakuna mwanamke atakayemwitikia salamu, wala kumsongea ugali, wala kulia kwenye msiba wake, mpaka atoe dume la ng'ombe. Ni jambo la zamani, na vijana hulisikia kama hadithi. Wengi hawakuwahi kuliona.

*

Siku ilifika na mawingu yake. Mlima Hanang ulikuwa umevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Maharage yote ya kijiji yalikuwa nje, maana juzi na jana jua lilikuwa limewaka, na ya Zita yalikuwa yametandazwa uani kwenye turubai kubwa kuliko yote.

Simu ikaita. "Dada, imeruka! Lakini ukingoni kuna ukungu mzito, sijui watapita wapi."

Zita akachukua ile sufuria ya ugali. Akaifunika kifudifudi chini. Kisha akachukua fimbo, akatoka.

Wanawake walishafika. Walikaa pande mbili za kiwanja, shuka mabegani, fimbo zimelazwa. Na pale njia ya ng'ombe inapoingilia, kumbe kuna mtu ameshakaa peke yake: Bibi Genoveva, na kitenge chake kipya, ameletwa na mwanawe Basili kwa amri yake mwenyewe. Fimbo yake nyeusi ilikuwa mbele yake imenyooka kama mstari.

"Mama, utapata baridi," Zita akasema.

"Ndege ni ya macho ya nani?"

Zita akakaa karibu naye.

Dakika zile za ugali zikapita. Zikapita nyingine kama hizo. Kimya. Wingu likashuka kutoka mlimani, likawa linatambaa juu ya mashamba kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Wanawake wakaanza kutazamana. Na Baltazar akatokea na ng'ombe wake, vumbi na kengele, mpaka mbele ya fimbo nyeusi. Hapo akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni Baltazar? Nimekujua kwa harufu."

"Bibi, naomba njia. Hiyo ndege imesharudi Mbulu, kila mtu anajua. Ng'ombe wana kiu."

"Na mimi nina giza," Bibi Genoveva akasema. "Tungoje wote."

Baltazar akamwangalia Zita. Akaangalia ile fimbo. Mguu wake ulikuwa umeshainuka. Akauweka chini polepole, pale pale ulipotoka. Akageuka akaanza kuwapigia ng'ombe wake mluzi warudi nyuma, akinung'unika kwamba dunia ya leo ni ya wanawake na mawingu.

Mvua ikaanza. Haikuanzia kiwanjani. Ilianzia juu, upande wa nyumba, na kila mwanamke aliisikia inavyopiga maturubai. Mmoja akanyanyuka nusu. "Jamani, maharage!"

"Kaa," Zita akasema.

"Rahisi kusema. Ya kwako je?"

Kutoka alipokaa, Zita aliona ua wake wote. Aliona turubai lilivyokuwa jekundu kwa maharage, na sasa linavyong'aa kwa maji. Basili alikuwa zahanati akipanga mabenchi. Hapakuwa na mtu wa kuyafunika. Ilikuwa kupalilia kote, na kuinama kote, na kung'oa kote. Kiwanja hakikuwa mbali. Mtu angekimbia, akunje, arudi. Na mmoja akikimbia, watakimbia wote.

"Ya kwangu yanakunywa," akasema. "Yana bahati, kuliko ng'ombe wa Baltazar."

Kicheko kikaanzia kwa yule aliyenyanyuka. Kikapita kwa wanawake wote, kikavuka kiwanja, kikakaa upande wa pili. Yule mwanamke akaketi, akaweka fimbo yake sawa.

Bibi Genoveva akainua kichwa.

"Nyamazeni."

Wakanyamaza. Hakuna aliyesikia kitu ila mvua. Bibi alikuwa amegeuza uso, si upande wa ziwa ambako watu wote walikuwa wanatazama, bali nyuma yao, upande wa Katesh.

"Inazunguka mlima," akasema.

Na kweli. Ilitokea chini ya wingu kutoka pembe ambayo haijawahi kutokea, taa zake zinawaka mchana, ndogo, inayumba. Hakuna aliyenyanyuka. Ilipita juu ya vichwa vyao mpaka shuka zikaruka, ikagusa ardhi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikakimbia katikati ya wanawake wale waliokaa kimya pande zote mbili kama watu wa kanisani, ikapunguza, ikasimama.

Zita akangoja mpaka pangaboi lake la mbele likaacha kuzunguka. Ndipo akasimama na kupiga kigelegele. Ee, kigelegele kile! Wanasema Endasak walikisikia. Wengine wakadakia, na Baltazar, aliyekuwa amejikunja chini ya mti kule njiani na ng'ombe wake, akawa wa kwanza kufika kwenye ndege na kubeba sanduku zito kuliko yote, mvua ikimchuruzika puani.

Rubani alishuka akiwa na jasho kwenye baridi ile.

"Ukungu ulinifungia ukingoni," akamwambia Zita. "Nimezunguka mlima wote. Mafuta ya kuzunguka juu yenu sikuwa nayo. Ningekuta ng'ombe mmoja tu, ningekwenda zangu. Mngengoja mpaka lini, mama?"

"Mpaka utue," Zita akasema. "Karibu. Leo sijapika."

*

Bibi Genoveva alipasuliwa jicho la kwanza mchana huo huo. Asubuhi ya pili, baada ya daktari kuitoa bandeji na kuridhika, Basili alimrudisha nyumbani polepole. Zahanati haikuwa mbali lakini walichukua muda mrefu, kwa sababu bibi alisimama kila hatua tatu: jiwe, jani, mbuzi wa jirani, mtoto wa nani huyu, mbona nyumba ya Nikolausi imepinda. Watu walitoka milangoni kumsalimia, na yeye aliwaambia kila mmoja alivyozeeka.

Zita alikuwa amesimama uani, mikono inanuka majivu. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini hakujiandaa kuangaliwa.

Bibi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kurudi.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. "Na mdomo wote ule bado mbichi."

"Ndiyo, Mama."

"Unalia nini?"

"Moshi."

"Moshi wa gesi," bibi akasema, akapita. Kisha akasimama ghafla. Mbele yake turubai lilikuwa limelala na maharage yaliyovimba, mengine yameanza kupasuka ngozi. Akainama, akaokota moja, akaliinua karibu na lile jicho jipya, akaligeuza geuza kama zamani.

"Na haya ni ya nani? Mwanamke gani huyu anaacha maharage yake yanyeshewe?"

"Ni mwanamke aliyekuwa anangoja ndege, Mama."

Bibi Genoveva akalirudisha lile harage kwenye turubai, akalipangusa na vidole, akatazama juu, kule ambako wingu lilikuwa limeuachia mlima ukabaki mtupu wote, mpaka kileleni.

"Basi mwite aje ayageuze," akasema. "Jua limetoka. Naliona."